Ukungu Niliousema

Ujerumani, 14 Januari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa salama, wewe na ng'ombe wako na majirani wote wa Buhongwa. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi kwenye mifupa bila kubisha hodi.

Nimekubali tuandikiane. Justa ameniambia ukishika simu kikohozi kinakukatiza kabla hujamaliza salamu, na kwamba unaona haya kumkoholea mtu sikioni. Basi nitakuwa naandika, Justa anachapisha pale steshenari na kukuletea, nawe ukijibu yeye anaipiga picha barua yako na kunirushia. Mwambie binamu yangu asinichoke. Najua kutoka sokoni Mwaloni hadi kwako ni safari, na dagaa wake hawajiuzi wenyewe.

Unasema watu mtaani wanakuuliza binti yako anawafanyia nini farasi, nawe unawajibu kwamba anawatibu. Kusema kweli siwatibu. Farasi wa huku wanakohoa, Baba, tena wengi. Wanavuta ukungu, na mapafu yao hayapatani nao. Wakati huu wa baridi ndiyo hali inakuwa mbaya, maana ukungu unazidi. Farasi mzuri wa mbio unamkuta amesimama tu, pua zimetanuka, mbavu zinapanda na kushuka, hata kula hataki.

Kazi yangu ni damu. Kikiingia kitu kigeni mwilini, damu hutengeneza askari wa kupambana nacho. Hao askari wanaitwa kingamwili, na kila askari anamjua adui yake mmoja. Kwa hiyo nikipima damu ya farasi nikakuta askari wa ukungu, najua huyu ameuvuta. Shida ni kwamba hata farasi wazima wa zizi hilo hilo huwa nao. Mkuu wangu wa maabara anatuonya kila siku kwamba damu inatuambia mnyama alikutana na nini, haituambii kama hicho ndicho kinachomuua. Tunatafuta alama itakayotofautisha. Bado hatujaipata.

Na wewe, kikohozi chako? Dawa za kifua kikuu umemaliza? Nieleze yote, usinifiche kama ulivyonificha ile homa ya mwaka jana.

Mwanao,
Modesta


Buhongwa, 2 Februari 2024

Mwanangu Modesta,

Marahaba, ng'wanone. Hapa hatujambo, wasiwasi ni kwako tu huko kwenye baridi. Barua yako imefika, imechapwa safi mpaka nikadhani ni ya halmashauri, nikaogopa kuifungua.

Nimemsomea jirani yangu Mzee Ngosha. Hajawahi kumwona farasi ila kwenye picha, lakini amewahurumia kweli. Ameuliza, hao Wazungu na akili zao zote wanawaachaje wanyama kwenye ukungu? Na mimi nasema hivyo hivyo. Waambie wenye mali wawafungie ndani, mlango waukaze, wasiwatoe mpaka jua lichomoze. Ng'ombe wangu ndivyo ninavyomfanyia, na hajakohoa hata siku moja. Ukiona ushauri huu umewafaa, waniletee na mimi cheti.

Sasa umeniambia nisikufiche. Dawa nimemaliza zote. Kikohozi hakijamaliza. Makohozi walipima wakasema hawaoni mdudu, ila daktari akaona tujaribu tu dawa, nami nikajaribu. Siku yangu iko hivi. Alfajiri nashuka ziwani kukata majani mabichi ya ng'ombe. Nikirudi nafungua ghala, nageuza majani ya mpunga niliyonunua Misungwi, maana paa linavuja tangu mvua za vuli na marobota ya chini yamelowa. Nisipoyageuza yanachemka, nani atayanunua? Mchana nafanya biashara, nasikia kifua kinakaza. Jioni homa inanipanda na kutetemeka juu, kama mtu wa malaria, na malaria wakipima hakuna. Asubuhi nina nafuu, naenda tena, jioni tena.

La ajabu ni hili. Nilikwenda Ukerewe kwenye msiba wa shemeji yangu, nikakaa wiki nzima, sikukohoa. Hata jeneza nilibeba na mimi, vijana wakanishangaa. Nimerudi hapa, siku ya pili tu, yale yale. Nikamwambia Justa kwamba labda nimerogwa na nyumba yangu mwenyewe.

Usihuzunike lakini. Nikikaa ghalani namkumbuka mama yako alivyokuwa akiyapanga yale marobota kama anapanga vitenge dukani, napata nguvu. Hili ghala ndilo lililokusomesha. Siwezi kulinunia kwa sababu ya kikohozi.

Baba yako,
Machibya


Ujerumani, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo, na habari za homa zako? Mimi mzima, ila tangu nisome barua yako sijatulia. Nimeisoma tena na tena, nikatoka maabara nikaenda kusimama mazizini kwa farasi mmoja mzee tunayempima kila wiki. Nimemwangalia anavyovuta pumzi, nikakuona wewe.

Baba, unaumwa ugonjwa wa farasi wangu. Si kifua kikuu, na wala hujarogwa. Ni ukungu. Ndiyo maana Ukerewe ulipona, kwa sababu hukuuvuta. Ndiyo maana homa inakuja jioni, baada ya kazi ya asubuhi. Laiti ningekuwa na damu yako hapa, naapa ningewakuta wale askari wamejaa tele.

Sasa nakuomba, nakuomba kama mwanao na si kama msomi, kaa mbali na ukungu. Usiuvute kabisa. Ile kazi ya alfajiri iache, hata kama wateja watanuna. Justa akununulie barakoa, na pale utakaposhindwa kuukwepa uivae. Ukiendelea hivi mapafu yatakakamaa, na yakishakakamaa hayarudi. Hilo nimeliona kwa macho yangu kwa wanyama.

Ushauri wako wa kuwafungia farasi ndani mlango ukazwe nimewasomea wenzangu hapa. Tumecheka sana. Hujaacha utani wako.

Nina mitihani, sitaandika tena mpaka iishe. Niahidi tu kwamba utanitii, nifanye mitihani kwa amani.

Mwanao,
Modesta


Buhongwa, 3 Machi 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Natumaini mitihani inakwenda vizuri na kwamba unakula. Sisi huku tunamshukuru Mungu.

Nimekutii. Nani amsomeshe mtoto hadi Ujerumani halafu akatae kumsikiliza? Ziwani siendi tena. Majani mabichi analeta mtoto wa Mzee Ngosha akitoka shule. Sitoki nje mpaka jua limekuwa kali na ukungu wote umeondoka juu ya maji. Kuna asubuhi ukungu unatanda hadi huku barabara ya Shinyanga, magari yanawasha taa. Siku hizo natoka na barakoa kwenda chooni tu, kisha mbio narudi ndani. Watu wanacheka. Nawaambia, nyinyi chekeni, mimi nina daktari wa farasi.

Umesema kweli kuhusu Ukerewe. Nimekumbuka kwamba kule msibani tulikuwa tunalala ndani tumejazana, tunaamka jua limeshapanda. Huo ukungu ungenipatia wapi?

Nyumba yangu unaijua, madirisha yake ni ya nyavu tupu, hewa ya ziwa inaingia inavyotaka. Kwa hiyo nimehamia ghalani. Nimeweka kitanda katikati ya marobota, mlango nimeuziba kwa magunia, na ule upenyo wa juu nimeusokomeza majani. Hata tone la ukungu halipiti. Halafu kuna joto zuri, maana yale marobota ya chini yanajipasha yenyewe. Mama yako angekuwepo angesema nimerudi tumboni.

Kifua bado kinabana. Nisikudanganye, kinabana kuliko mwezi uliopita, na kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika kwanza. Lakini nadhani ndivyo ilivyo, ugonjwa ukijua unafukuzwa huleta fujo kabla ya kuondoka. Nitavumilia. Wewe fanya mitihani yako.

Hao askari walioko kwenye damu yangu waambie wapumzike, vita nimeichukua mwenyewe.

Baba yako mtiifu,
Machibya


Ujerumani, 9 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Toka humo ghalani. Ukisoma mstari huu uko ndani ya ghala, simama, toka nje, mengine utayasoma ukiwa nje.

Barua yako ya mwezi wa tatu imenifikia leo asubuhi. Simu ya Justa ilitumbukia majini pale Mwaloni wakati anapokea dagaa, na barua yako ikakaa kwenye mkoba wake mpaka alipopata simu nyingine. Mimi nilikuwa nadhani kimya chako ni cha kuniachia nafasi nisome. Nimempigia kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Anakuja sasa hivi, atakupeleka hospitali. Usimbishie.

Baba, ukungu niliousema si huo wa ziwani. Ule wa asubuhi ni maji tu, haujawahi kumuua mtu, utembee ndani yake unavyotaka. Mimi nilisema ule unaoota kwenye mkate. Ule wa kijivu, kama vumbi, unaopaa ukifungua robota lililolowa, unaokuacha na nyusi nyeupe. Huo ndio wanaovuta farasi, kwa sababu wakati wa baridi wanafungiwa mazizini na kulishwa majani makavu ya zamani. Kuwafungia ndani ndiko kunakowaua. Wewe uliniandikia niwaambie wawafungie, nami nikacheka! Nilidhani unanitania, kumbe ulikuwa unanionyesha wazi wazi umeelewa nini. Nilikuwa na barua mkononi na sikuona.

Kwenye vitabu kuna neno jingine, kuvu. Nililijua. Nililiacha kwa sababu niliona ni neno la darasani, nikasema Baba ataona binti yake amekwenda Ulaya anajifanya msomi. Mama alikuwa akisema mkate umeota ukungu, basi nikaandika kama Mama. Na kazi ya alfajiri niliyokukataza ni ile ya kugeuza marobota. Ile ya kwenda ziwani ndiyo pekee iliyokuwa inakupa hewa safi.

Nimekutoa kwenye hewa nikakufungia kwenye sumu. Baba, nisamehe. Toka humo, halafu unisamehe.

Mwanao,
Modesta


Ujerumani, 22 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje? Justa anasema umelazwa na umewekewa oksijeni, na kwamba barua yangu umeisoma ukaikunja ukaiweka chini ya mto. Nakujua, ukinyamaza ndipo naogopa.

Daktari amenieleza kwenye simu, kwa upole. Kanionyesha hata picha ya kifua. Amekubali kutuma damu yako nje ya nchi ikapimwe kingamwili, ili tuwe na hakika. Nimeshindwa kuja. Kibali changu cha kuishi huku kinabadilishwa, na nikitoka sasa sirudi. Nimewaomba, nimelia ofisini kwao, wamenipa glasi ya maji.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza. Nigombeze, Baba.

Mwanao,
Modesta


Hospitalini, Mwanza, 8 Mei 2024

Mwanangu Modesta,

Marahaba, mara mbili, kwa barua mbili. Usione mwandiko umelala. Naandika mstari, navuta oksijeni, naandika mwingine. Justa alitaka nimtajie aandike yeye, nimekataa. Barua ya mtu na mwanae haina karani.

Daktari amesema mapafu yamekakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyosahaulika juani. Sikumuuliza zaidi. Ngozi ya namna hiyo nimeiona, hailainiki tena.

Sasa nisikilize vizuri, maana sitaandika ndefu. Umejilaumu kwa ajili ya neno. Nimeona niseme ukweli. Mimi nilielewa tangu barua ya kwanza. Mtu aliyeuza majani maisha yake yote ashindwe kuujua ukungu wa majani? Nilijua kabisa unasema ule wa kwenye marobota. Nilijifanya nazungumzia wa ziwani ili usinisumbue, maana ungeniambia nilifunge ghala. Lile ghala nimelijenga na mama yako, Bernadeta. Yeye alikuwa juu ya ngazi, mimi nampa mabati, na mimba yako ilikuwa imeshakua. Nikilifunga nikakae wapi? Kwa hiyo nilikuchezea akili, nikahamia humo kwa ukaidi wangu mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa.

Mtu akikwambia ni barua iliyomponza mzee, mwambie hapana, baba yangu alikuwa mkaidi. Wewe mwenyewe ukijisikia kusema hivyo moyoni, ujijibu hivyo hivyo. Hili si ombi. Ni agizo la baba yako. Mimi nilijifanya kukutii. Wewe nitii kweli.

Juzi Justa alifungua dirisha la wodi asubuhi. Kutoka hapa kitandani naliona ziwa. Lilikuwa limefunikwa kote, hata miamba haionekani. Nikamwambia aliache wazi. Nimeuvuta mpaka nikashiba. Mtamu kweli.

Kula vizuri. Farasi wasalimie.

Baba yako,
Machibya


Ujerumani, 9 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo.

Justa ataisoma hii kwa sauti pale ulipolala, kando ya Mama. Nimemwomba aende mapema, kabla jua halijakausha hewa, kwa kuwa uliipenda.

Msiba wako niliuona kwenye simu. Picha ilikuwa inakatika, nikawa naona watu wamesimama, mara kiza, mara udongo. Mzee Ngosha alisimama akasema mengi, akafika mahali akasema ulikuwa una daktari wa farasi. Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni maabara, mgongo kwenye jokofu la damu. Nililia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza hakuna Mzungu aliyeniuliza kama niko sawa, walijua.

Ghala limebomolewa. Majani yalichomwa, wote wakiwa mbali upande upepo unakotoka. Mabati Justa ameyatunza, anasema atayaezekea banda la ng'ombe wako.

Majibu ya damu yako yalikuja ulipokuwa umeshazikwa. Askari walikuwa wengi, Baba, wengi kuliko farasi yeyote niliyewahi kumpima. Nami nimepimwa, hospitali ya watu, si maabara yetu. Ninao pia, wachache, nadhani tangu nilipokuwa mtoto naruka kutoka robota hadi robota na Mama ananifokea. Kwa hiyo bado nina kitu cha ghala lile mwilini. Nimefurahi kukijua, ingawa mtu mwingine angesikitika.

Sasa niseme kuhusu agizo lako. Mtu anayejua sumu iko kwenye majani hazibi mlango kwa magunia. Hasokomezi majani kwenye upenyo. Havai barakoa kwenda chooni halafu akaivua akilala katikati ya marobota. Wala hafurahii kumwandikia mwanae kwamba hata tone halipiti. Barua zako zote ninazo hapa, nimezipanga mezani, na mkuu wangu alisema kweli. Damu inaniambia ulivuta nini. Haiwezi kuniambia ulielewa nini nilipokuandikia.

Jana jioni rafiki yangu mmoja wa huku aliniuliza baba yangu alikufaje. Nilifungua mdomo nikataka kusema, nilimwandikia neno. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikakumbuka ulivyoandika ile barua, mstari mmoja, oksijeni, mstari mwingine, umetumia pumzi zako za mwisho kunitungia uongo.

Nikamjibu kwamba baba yangu alikuwa mkaidi.

Umesema ulielewa. Basi ulielewa. Nimekutii, Baba, kama ulivyonitii.

Mwanao,
Modesta